Jinsi ya kuorodhesha makaburi ya ukoo kihambani (anza na yale yasiyo na msalaba)

Watu wengi wakiamua kuorodhesha makaburi ya kwao wanafanya hivi: wanaingia migombani na simu, wanapiga picha kila msalaba unaosomeka, wanarusha kwenye grupu la ukoo, watu wanaweka vile vimikono vya maombi, basi, kazi imeisha. Sasa misalaba ya simenti yenye majina ingekusubiri hata miaka 20 mingine bila shida. Yanayopotea ni yale ya pembeni, yale mawe matatu chini ya mgomba ambayo anayajua bibi peke yake, na bibi mwenyewe yuko na miaka themanini na kitu na kusahau kumeshaanza. Kwa hiyo anza na makaburi yasiyo na jina, na anza na mtu kabla ya jiwe. Mengine yote humu chini yanafuata hapo.

Naongelea kwetu Uchagani, vihamba vya Kilimanjaro (shamba la migomba la ukoo lenye nyumba ya wazee ndani yake), maana ndiko ninakokujua. We wa Bukoba mwenye kibanja au unayezika nyumbani huko Nyanza utabadilisha kidogo tu.

Kwanza ruhusa. Kihamba kina mwenyewe, na kwetu mara nyingi anayebaki kwenye nyumba ya wazee ni mtoto wa mwisho wa kiume, yaani baba mdogo au mwanae. Usije ukatokea Dar na tepu ya fundi ukaanza kupima makaburi kimya kimya, utaulizwa unapima nini na hilo swali lina uzito. Kaburi ni ushahidi wa ardhi, kila mtu anajua, ugomvi wa mpaka ukifika kwenye baraza kitu cha kwanza kutajwa ni babu yetu kalala pale. Ukionekana na daftari kuna mtu atalala na wazo kwamba unataka kudai au kuuza. Kwa hiyo sema mapema na useme mbele ya watu, kikao cha ukoo cha Desemba ndo mahali pake, watu wote wamepanda nyumbani, waambie unaandika majina na kila nyumba itapata kopi yake. Na ukienda kwa mzee usiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai vinatosha, kama ni mtu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, we unajua cha kufanya.

Vitu vya kubeba sio vya gharama. Kaunta buku, penseli (wino ukinyeshewa unaondoka na mababu zako wote), tepu ya mita 30 au kamba uliyopiga fundo kila mita, brashi laini, chupa ya maji ya kupuliza, tochi, na vikaratasi vigumu vyenye namba kubwa 1, 2, 3 na kuendelea. Simu yenye chaji, umemaliza.

Sasa kutembea na wazee. Tafuta wawili au watatu ila usiwatembeze pamoja, maana mmoja akiwa na sauti kubwa wengine wataitikia tu hata kama wanakumbuka tofauti. Kila mtu na siku yake, rekodi sauti kwa simu (muombe kwanza), halafu kule nyumbani ndo unalinganisha. Wakipishana usiamue wewe, andika yote mawili na nani alisema nini. Na angalau mmoja awe mama. Wababa watakupa mstari wa wanaume toka babu wa tano bila kukohoa, lakini makaburi ya watoto wachanga, ya shangazi aliyerudi nyumbani akafia pale, ya mke wa kwanza aliyefariki na uzazi, hayo utayapata kwa wamama.

Usiulize "hapa kuna kaburi la nani" peke yake. Simama mlangoni kwenye nyumba ya zamani uulize nani wote walifia humu ndani, baba alikuwa wa ngapi kuzaliwa, kati yake na anayemfuata kulikuwa na mwingine? Mara nyingi jibu la hilo la mwisho linaanza na kimya kidogo, halafu bibi anakuambia alikuwepo, alikuwa wa kike, twende nikuonyeshe. Anakupeleka nyuma ya zizi mahali ambapo ungepita mara mia usione kitu.

Tarehe hawatakuwa nazo na usiwalazimishe, mzee akibanwa atakutajia mwaka wowote ili umuache. Uliza kabla au baada. Alikufa kabla ya uhuru au baada, yaani 1961. Wakati wa Mangi Mkuu Marealle, yaani chifu mkuu wa Wachaga, miaka ya 50? Vita ya Kagera ilikuwa imeanza, 1978? Sokoine, yule waziri mkuu, alipofariki April 1984, huyu alikuwa bado hai? Mvua za El Niño za 1997 kwenda 1998, Mwalimu kufariki Oktoba 1999, hizo watu wa makamo wanazikumbuka vizuri sana. Kwa wamama kuna swali linaloshinda yote: siku ya msiba ulikuwa umembeba nani mgongoni? Akikutajia mtoto, kaangalie cheti cha ubatizo cha huyo mtoto, una mwaka wako hapo, ukikosea ni kwa mmoja tu. Kwenye daftari andika "kati ya 1978 na 1980", usiandike 1979 kana kwamba una uhakika.

Na kila mwanamke aandikwe ukoo wa kwao na alikotoka, Kibosho, Mamba, Rombo, popote. Usipouliza leo atabaki "mke wa babu" milele, na wajukuu zake hawatajua wana wajomba wapi. Hili nalisisitiza kwa sababu orodha nyingi za koo nilizoziona wanaume wana majina matatu na wanawake wana nusu jina.

Kitu cha masale. Kama kihamba ni cha zamani, mwenyeji wako akikuonyesha kichaka cha masale (ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani) katikati ya migomba ambacho hakiko mpakani, simama hapo. Kabla ya dini kuingia, sehemu nyingi za Uchagani mzee akifa alizikwa nyumbani kwake, baada ya muda mifupa ikafukuliwa na kuhamishiwa migombani penye masale, mawe au chungu kikawekwa. Kwa hiyo mahali pa namna hiyo hapana tuta wala msalaba ila pana watu. Usichimbe, usigeuze mawe "kuona kuna nini", usiokote kigae cha chungu ukapige nacho picha. Andika tu, piga picha kwa mbali, uliza kama kuna jina. Jina likikosekana andika "wazee wa zamani, mahali pa masale" na uipe namba kama makaburi mengine.

Dalili nyingine za kaburi lisilo na alama: ardhi iliyodidimia urefu wa mtu, mawe yaliyopangwa mstari, ua lililopandwa peke yake mahali pasipo na bustani. Zote ni dalili tu mpaka mtu athibitishe.

Ramani. Watu wanakimbilia lokesheni ya simu, na chini ya migomba na miti ya kivuli simu inapotea mita kadhaa, wakati makaburi yenyewe yako hatua moja moja. Pini moja ya kihamba kizima inatosha. Kwa kaburi moja moja tumia tepu. Chagua vitu viwili visivyohama, mfano pembe mbili za msingi wa nyumba ya mawe, viite A na B, pima umbali wa A mpaka B uandike. Halafu kila kaburi pima toka A mpaka upande wa kichwa, na toka B mpaka hapo hapo. Kaburi namba 7: A mita 11.40, B mita 8.15, upande wa mfereji. Namba mbili hizo na upande, mtu yeyote atalipata hata msalaba ukianguka na migomba ikapandwa upya. Mgomba usiutumie kama alama, ukishazaa unakatwa na mtoto anaota pembeni, baada ya miaka kadhaa shina limeshahama.

Chora na mchoro wa mkono pia, nyumba, zizi, mfereji, njia, kaskazini iko wapi (mlima unakusaidia hapo), namba za makaburi juu yake. Mchoro mbaya ni bora kuliko hakuna.

Sasa ndo unakuja kwenye misalaba. Kule kwetu unyevu ni mwingi, simenti inaota ukungu wa kijani na weusi. Puliza maji matupu, subiri kidogo, sugua taratibu na brashi laini toka chini kwenda juu, mwisho. Jiki hapana, brashi ya waya hapana, asidi ya kusafishia vigae hapana kabisa, simenti ya zamani iliyochanganywa na mchanga mwingi inamomonyoka na herufi zinaondoka na ukungu. Kuna wanaopaka unga au chaki ili maandishi yatokee, acha, hauhitaji.

Unachohitaji ni mwanga wa pembeni. Misalaba mingi ya zamani fundi aliandika kwa msumari au kijiti simenti ikiwa mbichi, halafu kila Krismasi familia inapaka chokaa, miaka na miaka, mpaka maandishi yamejaa. Mchana unaona "ALIFARIKI 3-7-19 1" na katikati hamna kitu. Rudi giza likiingia, simama mbele ya msalaba, mwenzako ashike tochi ubavuni kabisa, karibu na simenti, mwanga upite juu juu. Kila mkwaruzo unatupa kivuli na ile nafasi iliyokuwa tupu inatokea mguu mmoja umelala na kofia juu, ni 7, basi ni 1971. Zungusha tochi upande wa pili uhakikishe, maana 1 ya mafundi wengine nayo ina kofia.

Na rangi nyeusi iliyopitishwa juu ya herufi isikudanganye. Kijana aliyetumwa kupaka rangi alifuatisha anachokiona, pasiposomeka alikisia. Amini mkwaruzo wa chini.

Picha tatu kwa kila kaburi zinatosha: moja ya kaburi zima na kikaratasi cha namba kinaonekana, moja ya maandishi umesimama sawa nayo usipige kwa kuinama upande, moja kutoka mbali ionekane liko wapi kati ya mengine. Maandishi yanakili kama yalivyo, hata N iliyogeuzwa na KUZ. na KUF., hata jina lililokosewa, usirekebishe. Masahihisho yako weka safu ya pembeni. Herufi isiyosomeka weka alama ya kuuliza.

Baada ya hapo kuna makaratasi. Wasifu wa marehemu uliosomwa msibani ni dhahabu, na kila nyumba inao umekunjwa ndani ya Biblia au kwenye bahasha ya picha za mazishi, waombe watu wakupigie picha tu. Halafu kanisani. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Kijerumani, walifika Machame 1893 na Wakatoliki walikuwa wameshaanza Kilema, kwa hiyo kama wazee wako walibatizwa mapema kunaweza kuwa na kitabu. Nenda na barua au angalau na mzee anayejulikana na mchungaji au paroko, siku isiyo ya ibada. Vitabu vya Wakatoliki vya zamani ni Kilatini: obiit ni alifariki, sepultus au sepulta ni amezikwa, filius mtoto wa kiume, filia wa kike. Vya Walutheri vya mwanzo ni Kijerumani na majina yameandikwa kwa masikio ya Kijerumani, Machame ilikuwa Madschame na Moshi ilikuwa Moschi, kwa hiyo Shayo unaweza ukaikuta Schajo. Soma jina kwa sauti, usitafute kwa macho. Utafute kwa jina la baba pia, maana jina la ubatizo nyumbani hakuna aliyelitumia.

Kuna vya kutokuandika. Sababu ya kifo sio lazima, na kwa waliofariki miaka ya 90 familia nyingi hazitaki kuulizwa, waache. Nani alikuwa mtoto wa nani kwa siri ukiambiwa kaa nayo. Orodha yenye ramani usiitupe mtandaoni wazi, grupu la ukoo linatosha. Lakini iwepo, kwa sababu serikali ikitwaa eneo kwa barabara au mradi, makaburi yanahamishwa kwa sheria yake, ya mwaka 1969, na hapo ndipo watu wanaanza kutafutana nani anajua lipi ni la nani.

Ukimaliza chapa kwenye karatasi, rudi kwa wale wazee, wasomee kwa sauti kaburi moja moja. Ndo watakurekebisha kweli kweli, mtu akisikia jina limesomwa vibaya hawezi kunyamaza. Kopi moja abaki nayo mwenye kihamba, nyingine kwa mtoto wa dada anayeishi mbali, picha weka Google Drive na kwenye flashi, usiamini simu moja.

Acha mistari mitupu mwisho wa orodha. Msiba mwingine ukitokea mpeni namba yake siku hiyo hiyo, pimeni toka A na B, na fundi wa msalaba mpeni jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, msimtajie kwa mdomo.