Mkaushe Ng'ombe Siku 60 Kabla ya Kuzaa

Kumkausha ng'ombe ni kuacha kabisa kumkamua ili kiwele kipumzike kabla ya kuzaa. Mfugaji anayeendelea kumkamua ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane, kwa hoja kwamba bado anatoa lita nne, anakula mbegu ya msimu ujao. Kosa hili nalikuta kila ninapotembelea mazizi, hata kwa wafugaji wazoefu.

Seli za kiwele zinazotengeneza maziwa huchakaa, na ng'ombe akipumzishwa, homoni za mimba, yaani estrojeni na projesteroni, husimamia uotaji wa seli mpya. Siku za kuzaa zinapokaribia, projesteroni hushuka ghafla, prolaktini (homoni ya kuchochea maziwa) na homoni ya kotisoli hupanda, nazo zikishirikiana na homoni ya insulini huziamuru seli kutengeneza kwa wingi kaseini, protini ambayo ni takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Amri hiyo ikikuta seli zilizochoka, maziwa ya uzao mzima hupungua. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nayo huwa hafifu, kwa kuwa kingamwili za kumlinda ndama huingia kiweleni katika wiki hizohizo za mwisho.

Hesabu kwa daftari, si kwa kutazama ukubwa wa tumbo. Aliyepandishwa tarehe 10 Januari 2025 hutarajiwa kuzaa siku 280 baadaye, yaani 17 Oktoba. Basi akaushwe tarehe 18 Agosti, siku ya 220 ya mimba. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo ondoa pumba na vyakula vingine vya nguvu, umwachie majani makavu. Maji usimnyime kamwe. Kumtesa kwa kiu si njia ya kukausha. Siku yenyewe mkamue mpaka kiwele kiishe kabisa, futa ncha ya kila chuchu kwa pamba yenye spiriti, kisha mtaalamu wa mifugo atie dawa ya kukaushia, yaani antibiotiki ya kukinga kiwele kipindi cha mapumziko, bomba moja la dawa kwa kila chuchu. Bomba la dawa ya ng'ombe anayekamuliwa halifai kazi hii.

Baada ya hapo, usimguse. Kiwele kitajaa na kukaza kwa siku mbili au tatu, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kumkamua kidogo "kumpunguzia", wasijue kwamba kila ukamuaji huchochea prolaktini upya na kuiondoa dawa chuchuni. Ila ukiona sehemu moja ya kiwele imekuwa ya moto, ngumu na yenye maumivu, mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Kiwele kikilegea na kunywea ndani ya wiki mbili, amekauka.

Chakula cha nguvu kirudishwe kidogo kidogo zikibaki wiki tatu azae.