Siku zimepotea miezi mitatu na huna mimba? Hivi ndo unaanza kushughulikia PCOS

Nilikuwa na miaka 16 mamangu akanikalisha kwa beseni huko nyuma ya nyumba, Umoja, akanisugua shingo na lile jiwe la visigino akidhani ni uchafu. Alisugua mpaka nikaanza kulia, na kesho yake shingo ilikuwa nyeusi vilevile, sasa na vidonda juu. Hakuna mtu kwa nyumba alijua ngozi ikigeuka nyeusi na nzito hivo shingoni na kwapani mara nyingi ni dalili ya insulini, ile homoni ya kushusha sukari, kuwa nyingi kwa damu. Mimi nilikuja kujua nikiwa na 27, na hapo katikati nilikuwa nimemaliza pesa mob kwa sabuni za kung'arisha.

So kama siku zako zinakuja zikijiskia, unanyoa ndevu kisirisiri na chunusi za kidevuni hazikuishia form four, kaa hapa kidogo.

Kwanza hilo jina linadanganya. PCOS ni kifupi cha polycystic ovary syndrome, yaani ovari (viungo vinavyotengeneza mayai) zenye vifuko vingi. Ukiambiwa ovari zako ziko na vifuko vingi unafikiria ni uvimbe wa kupasuliwa, lakini sio. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, yai halikutoka. Kwa wengi wetu shida inaanzia mbali na ovari: mwili hauskii insulini vizuri, kongosho inaongeza nyingine na nyingine, alafu ile insulini ikizidi inasukuma ovari zitengeneze androjeni, zile homoni wanasemanga ni za kiume ingawa kila mwanamke ako nazo kiasi. Androjeni zikipanda ndo unaona ndevu, nywele za katikati ya kichwa zinapungua, yai linakosa kutoka na mwezi unapita bila damu. Inatembea pia kwa familia, kwa hivyo uliza shangazi zako, hasa yule mwenye shuga. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio kwa umri wa kuzaa, yaani matatu ya watu 14 ikijaa wanawake watupu mmoja wenu anayo, pengine wawili, na wengi hawajui.

Sasa kazi. Kabla ya daktari tafuta kalenda, hata ile ya supermarket inaning'inia jikoni, uweke alama siku ya kwanza ya damu kila mwezi. Unahesabu kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Ikizidi siku 35 kila saa, au iko chini ya 21, au kwa mwaka mzima unaona chini ya mara 8, hiyo si stress ya kazi tu, peleka. Ila kama uko kwa depo, ile sindano ya kupanga uzazi, au kile kijiti cha mkono, kukosa damu ni kawaida ya hiyo dawa, usijipatie ugonjwa. Na msichana aliyeanza mwaka jana bado mwili unajipanga, mpe muda.

Kosa langu la kwanza: asubuhi ya kliniki nilijipamba. Nikang'oa kila kinywele cha kidevu na kibanio nikiwa mbele ya dirisha ndo kuna mwanga, nikapaka foundesheni, nikafika nikimeta. Daktari akaniangalia akasema ngozi yako iko sawa kabisa. Usifanye hivo bana. Enda na ndevu zako, au piga picha kabla ya kunyoa, na useme unanyoa mara ngapi kwa wiki, mambo ya kifua na tumbo pia useme, aibu iwache kwa mlango.

Alafu kuna hii ya kukimbizwa kwa skani, ile picha ya ovari. Kliniki nyingi za mtaani ukisema tu siku zimepotea unaandikiwa skani kabla hujamaliza sentensi, na ukitoka na karatasi imeandikwa ovari ziko na vifuko vingi unalia wiki mbili. Madaktari wanatafuta vitu vitatu: siku zisizoeleweka, androjeni kuwa juu (kwa mwili wako au kwa damu), na ovari zenye vifuko vingi. Mtu mzima akiwa na viwili kati ya hivyo, na vipimo vimeonyesha si ugonjwa mwingine, ni PCOS. Kumaanisha kama uko na siku zilizopotea na ndevu, skani si lazima, hiyo pesa weka kwa damu. Na ukiwa na skani peke yake bila kingine chochote, huna PCOS, wanawake wengi wazima wako na ovari za kuonekana hivo.

Vipimo vya kuuliza: mimba kwanza (usicheke), thairodi (tezi ya shingo), prolaktini (homoni ya maziwa), testosteroni (moja ya zile androjeni), presha, mafuta ya damu, na shuga. Shuga omba ile ya kunywa glukosi gramu 75 alafu unapimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu ile ya kudungwa kidole asubuhi inaweza kukuambia uko poa na hauko. Beba kitu ya kusoma. Kama unameza pills za kupanga uzazi sema mapema, zinaharibu majibu ya testosteroni.

Chakula, hapa ndo watu wanatutapeli. Hakuna dayati moja ya PCOS imeshinda zingine, na huhitaji kununua mbegu za bei kutoka duka la vioo. Mimi nilianza na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hizo ni vijiko 12 kabla sijagusa mandazi. Nikashuka pole pole hadi nusu kijiko. Ugali bado nakula lakini saizi ya ngumi, sukuma na omena ama ndengu ndo zinajaza sahani. Githeri mwambie mama wa kibanda akuwekee maharagwe mengi kuliko mahindi, atakuangalia vibaya lakini ataweka.

Mazoezi lenga dakika 150 kwa wiki za kutembea mpaka pumzi ipande, na siku mbili za kubeba kitu kizito. Mtungi wa maji wa lita 20 hadi fourth floor nahesabu. Kama uko na kilo 90, kupunguza hata 5 kunaweza kurudisha siku, lakini pia kuna wembamba wenye PCOS kwa hivyo ukiambiwa tu "punguza mwili uzae" na hakuna kipimo kimefanywa, tafuta daktari mwingine.

Dawa ni kulingana na kinachokusumbua. Pills hupanga siku na kupunguza ndevu na chunusi, ila mwenye presha au aliyewahi kuganda damu aseme kwanza. Metformini inasaidia mwili kuskia insulini, na itakuendesha tumbo ukianza na nyingi, omba kuanza na kidogo, umeze na chakula. Spironolaktoni ya ndevu usiguse kama hujajikinga na mimba. Ndevu zenyewe zinachukua kama miezi sita kuonyesha tofauti so usikate tamaa wiki ya pili. Na zile shanga za mitishamba za kuingiza ndani "kusafisha kizazi"? Kizazi si sufuria.

Kitu moja usichezee: damu ikikosa zaidi ya siku 90 na huna mimba wala dawa ya kuizuia, rudi kliniki. Ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa, na miaka ikienda hivo hatari ya kansa ya hapo inapanda.

Kuhusu watoto, PCOS si utasa. Yai linatoka likijiskia, so kama hutaki mimba jikinge, na ukitaka, dawa ya kwanza ya kuliamsha siku izi ni letrozoli, daktari akikufuatilia.

Shuga inarudiwa kila mwaka mmoja hadi mitatu hata ukijiskia fiti. Mimi yangu napima mwezi wa tisa. Januari nani ako na pesa.