Somo: Kutoka maksi hadi gredi ya IGCSE, kwa wazazi wa Mwanza

Agosti, matokeo ya mitihani ya Juni ya IGCSE, cheti cha sekondari cha Cambridge ya Uingereza, yalipotoka, baba mmoja muuza samaki wa Kirumba alinifuata kwenye tuisheni. Karatasi ya bintiye aliikunja mara nne, imelowa jasho la mfuko wa shati. Baiolojia: A, na pembeni 84. "Mwalimu, kapata themanini na nne kwa mia!" A ile ni halali kabisa, ila 84 hazikuwa maksi alizozivuna binti kwenye chumba cha mtihani. Tufuatane, nimepanga namba za mazoezi zitakazotufikisha kwenye 84 hiyohiyo.

Hatua ya 1: Andika maksi za kila karatasi. Baiolojia ya Cambridge, silabasi 0610, ngazi ya juu wanayoiita Extended, ina karatasi ya 2 ya kuchagua jibu (maksi 40), ya 4 ya nadharia (80), na wengi hufanya ya 6, maswali ya vitendo yanayojibiwa kwa kuandika (40). Tuseme mtoto kapata 32, 60 na 30.

Hatua ya 2: Zipe uzito. Karatasi hizo zinabeba asilimia 30, 50 na 20, kwa hiyo kwenye jumla ya 200 zinachukua 60, 100 na 40. Zidisha 32 kwa 1.5 upate 48, na 60 kwa 1.25 upate 75. Ile 30 inabaki 30. Jumla 153.

Hatua ya 3: Tafuta mipaka ya gredi. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, maana tumezoea NECTA, baraza letu la mitihani: A inaanza 75, B 65, C 45, kila mwaka. Cambridge hawana mstari wa kudumu. Mtihani ukishasahihishwa, wasahihishaji wakuu hupitia kazi za watahiniwa pamoja na takwimu, kisha huamua gredi ianzie maksi ngapi. Karatasi ikiwa ngumu, mpaka unashuka. Ikiwa rahisi, unapanda. Mipaka hiyo hutangazwa kwenye tovuti yao kwa kila msimu. Angalia namba za karatasi za mtoto wako: 41, 42 na 43 zote ni karatasi ya 4, lakini maswali ni tofauti na mipaka pia. Nawasihi msichukue ya jirani.

Kwa zoezi letu, A ianzie 140 na A* ianzie 170. Mwenye 153 ana A.

Hatua ya 4: Geuza maksi kuwa asilimia sare, ile namba inayoandikwa pembeni ya gredi kwenye karatasi ya matokeo. Kwenye kipimo hiki mistari haihami: A* ni 90 kwenda juu, A 80, B 70, C 60, D 50, E 40, F 30, G 20. Mtoto kavuka mpaka wa A kwa maksi 13, na kutoka A hadi A* ni maksi 30. Gawa 13 kwa 30, zidisha kwa 10: nne na kidogo. Jumlisha 80. Ndiyo hiyo 84, ilhali 153 kwa 200 ni asilimia 76.5.

MASWALI

Mama, Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Wangu kafanya hisabati vizuri mno, kapewa C. Kaonewa?
Marahaba mama. Ulizia kama alisajiliwa Core. Ngazi hiyo inaishia C, hata akipata zote. Extended inafika A*, ila asipofikia E anapata U, yaani hana gredi. Hilo liulizwe kabla ya usajili, si Agosti.

Mzazi, Igoma: Wangu ana B, asilimia 79. Tukate rufaa?
Yuko jirani kabisa na A. Maombi hupitia shuleni na yana tarehe ya mwisho, kwa hiyo wahini. Mkae na kijana kwanza, kwa sababu maksi zinaweza kupanda, kubaki au kushuka.

Kaka mkubwa, Buswelu: Mdogo wangu anataka kidato cha tano shule ya serikali. Nigeuze mwenyewe kwa jedwali la NECTA?
Hapana, ndugu yangu. Ulinganifu wa vyeti vya nje hutolewa na NECTA wenyewe. Peleka maombi kwao, na usiwape ile asilimia kama ndiyo maksi.