Namna ya Kuipokea Familia Inayoomba Hifadhi Jijini Nairobi

Familia iliyokimbia kutoka Goma, Mogadishu au Asmara inapowasili Nairobi, mtu wa kwanza kukutana nayo aghalabu si afisa wa serikali wala mfanyakazi wa shirika, bali ni mlinzi wa ploti, mama mboga, mchungaji, imamu au mwalimu. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, kwa kuwa yanayotendwa katika siku hizo za kwanza ndiyo yanayoamua kama mtoto atabaki na watu wake au atapotelea katikati ya ofisi na ofisi.

Anza na maji, chakula, choo na mahali pa kulala, na uwalaze pamoja. Hata kama ukumbi una upande wa wanaume na upande wa wanawake, itandikie familia kona yake moja, maana mtoto aliyekimbia vita hapati usingizi mpaka ahakikishe kwamba mkono wa mama yake uko karibu. Nilimwona mvulana wa miaka saba hivi, katika ukumbi wa kanisa moja mtaani Kayole, akikataa kuvua viatu usiku wa kwanza na wa pili. Akina mama walipotaka kumvua kwa nguvu ili asichafue shuka, mzee mmoja aliwazuia akisema kwamba shuka hufuliwa. Usiku wa nne alivivua mwenyewe, akavipanga kando ya mto huku visigino vikielekea ukutani, tayari kuvaliwa.

Usimhoji mtoto. Jina lake, umri wake, lugha yake na watu aliokuja nao vinatosha kabisa kwa siku ya kwanza. Habari za yaliyowapata njiani zitaulizwa na wanaohusika kisheria, na kila mara mtoto anapolazimishwa kuzisimulia kwa mgeni mwingine mwenye huruma, anarudishwa kulekule alikotoka. Vilevile usiwapige picha na kuzituma katika makundi ya simu, hata kwa nia ya kuchangisha, kwa sababu wale waliowafukuza kwao wanaweza kuwa na ndugu papa hapa Nairobi.

Hayo machache uliyoyapata yaandike katika daftari: nani alikuja na nani, wana uhusiano gani, na lini. Jambo hili laonekana dogo, lakini mwaka 2018 serikali ya Marekani iliwatenganisha maelfu ya watoto na wazazi wao kwenye mpaka wa Mexico, na mahakama ilipoamuru mwezi Juni warudishwe, kazi hiyo ilikuwa ngumu mno kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu za kutosha kuonyesha mtoto yupi ni wa mzazi yupi. Hapa kwetu pia, katika msako wa Aprili 2014 mtaani Eastleigh, ambapo maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wako watoto walioachwa nyumbani peke yao. Kwa hiyo ishauri familia ichague mapema jirani mmoja atakayewachukua watoto endapo mzazi atakamatwa, na jina lake liwe katika daftari hilohilo. Ifahamike pia kwamba Katiba, katika kifungu cha 53, inakataza mtoto kuzuiliwa isipokuwa pale njia nyingine zote zinaposhindikana, na kwamba hata hapo sharti atengwe na watu wazima.

Hatua inayofuata ni usajili katika idara ya serikali inayohudumia wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 30 tangu aingie nchini, awe aliingia kwa njia halali au la, hivyo msiwaache wajifiche kwa hofu. Usajili hautozwi ada. Dalali yeyote anayedai pesa ili aharakishe foleni ni mwizi. Wengi huelekezwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma, na mwenye sababu ya kubaki jijini, kama vile matibabu au usalama, aieleze mapema na abebe karatasi zake.

Tafuteni mkalimani mtu mzima. Ni rahisi kumtumia binti wa miaka tisa aliyeokota Kiswahili mtaani, lakini katika zahanati nimemsikia mtoto wa umri huo akimtafsiria mama yake maswali ya daktari kuhusu kubakwa, na sijui neno la Kiswahili litakalofaa kueleza uso wa yule mama.

Mtoto aliyekuja peke yake apelekwe kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au mpige nambari 116, ambayo ni ya bure. Asikabidhiwe mjomba anayejitokeza ghafla kabla uhusiano haujathibitishwa. Na hili nalisema kwa uchungu: msichana wa miaka 13 anayelala jikoni kwako, anayelea watoto wako na kufua nguo zako bila kwenda shule, hujamhifadhi, umemfanya kijakazi.

Mtoto akizaliwa hapa, wazazi waitunze karatasi ya hospitali na wamwandikishe, maana kila mtoto anayezaliwa Kenya sharti asajiliwe, ingawa cheti cha kuzaliwa hakimpi uraia.

Kuhusu shule, elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, si ya mtoto Mkenya pekee. Mzazi asindikizwe siku ya kwanza na mtu anayemfahamu mwalimu mkuu. Mtoto wa Kongo anayejua Kiswahili na Kifaransa huonekana mzito kwa sababu tu masomo ni ya Kiingereza, basi apimwe hesabu kabla ya kushushwa darasa. Mwombeni pia mwalimu asimtambulishe darasani kuwa ni mkimbizi, bali amwite kwa jina lake, baada ya kumwuliza mtoto mwenyewe linavyotamkwa.