Jinsi ya kukagua posti ya siasa inayokupendeza

Juzi mdogo wangu alinitumia video ya umati uliofurika kwenye mkutano wa chama tunachokiunga mkono sote wawili. "Dada, ona watu wetu!" Alikuwa ameshaisambaza kwenye makundi matatu. Tukakaa tukaikagua hivi.

1. Acha kusambaza kwanza.

2. Geuza jina. Isome posti upya huku ukimweka mgombea usiyempenda mahali pa wako. Ushahidi ambao ungemdai huyo, mdai na wako. Wengi huiruka hatua hii, wakidhani upendeleo ni wa upande wa pili tu. Mwaka 1979 watafiti Lord, Ross na Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa waungaji na wapinzani wa adhabu ya kifo tafiti mbili zilezile, moja ya kuitetea na nyingine ya kuipinga. Kila upande uliona utafiti unaokubaliana nao ndio wenye nguvu, na wakazidi kutengana.

3. Tafuta asili ya picha. Hapa niliwahi kupoteza usiku mzima. Nilitafuta kwa maneno ya posti, nikapata kurasa kumi na mbili zinazosema kitu kimoja, nikahesabu mashahidi kumi na wawili. Kumbe ni shahidi mmoja aliyenakiliwa, nami nilitaka awe mkweli. Kwa hiyo tafuta kwa picha. Simamisha video panapoonekana kitu kisichohama, kama jengo au kibao, piga picha ya skrini, kisha kata maandishi yaliyobandikwa juu. Mimi huanza na TinEye, tovuti ya kutafuta kwa picha, kwa sababu unaweza kuiambia ipange matokeo kuanzia ya zamani zaidi, na tarehe ndiyo humaliza ubishi. Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa picha, ni nzuri kwa kutambua mahali, lakini huchanganya na vinavyofanana tu. Usipopata kitu, hujathibitisha chochote. Jaribu sekunde nyingine ya video, na uangalie kama picha imegeuzwa kushoto kulia. Kwenye ile ya mdogo wangu, herufi za kibao cha duka zilisomeka kinyumenyume. Tulipoigeuza ikatokea: mashabiki wa mpira wakisherehekea ubingwa, miaka kadhaa nyuma.

4. Sahihisha palepale ulipoisambaza. Kuifuta kimyakimya hakutoshi, waliokwisha kuiona wamebaki nayo.

Mdogo wangu aliandika kwenye makundi yote matatu: "Video niliyotuma asubuhi ni ya mpira, si mkutano wetu. Naomba msiisambaze."