Kumwaga zege: kesi nyingi ni za maji

Wakuu, nyufa nyingi za sakafu na linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) tunazosingizia sementi eti siku hizi wanachakachua, ukifuatilia unakuta sementi haina kosa, kosa ni maji. Na yanakosewa mara mbili, siku ya kumwaga yanawekwa mengi mno, halafu wiki inayofuata ambayo zege linayataka kweli hakuna anayelipelekea hata ndoo.

Siku ya kumwaga. Mfuko wa kilo 50 unataka maji kama lita 25 hivi, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo, basi. Hapo naongelea mchanga mkavu, kama mvua ilinyesha usiku mchanga ushabeba maji yake kwa hiyo anza na ndoo moja halafu ongeza kidogo kidogo huku unaangalia. Vijana wa sepeto watalalamika zege gumu, na kweli likiwa jepesi linageuzika vizuri na kazi inaisha mapema, ila sementi inatumia sehemu tu ya hayo maji, yanayobaki yanakauka yanaacha vitundu vidogo vidogo ndani na udhaifu unaanzia hapo. Zege zuri ukilipiga mgongo wa sepeto linalainika linang'aa, ukilirundika linashuka taratibu. Ukiona limekuwa kama uji wa mgonjwa, maji ya kijivu yanatangulia na kokoto zinabaki nyuma, ushazidisha. Usirekebishe kwa kutupia mchanga peke yake, ongeza vyote, sementi, mchanga na kokoto kwa uwiano ule ule.

Uwiano wenyewe kwa jamvi (zege la sakafu ya chini) na linta za nyumba ya kawaida ni 1:2:4. Mfuko mmoja una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba, zote za lita 20 zilizopigwa usawa wa mdomo. Toroli sawa tumia, ila fundi akichoka toroli la mchanga linakuwa na mlima na la kokoto linakuwa nusu, we kaa pale uhesabu.

Kuna hii ya mchana. Zege limechanganywa, mama ntilie kafika, watu wanakaa kula, wakirudi limeanza kushika, mtu anamimina maji "kulifufua". Hilo halifufuki. Changanya kiasi cha kutumika ndani ya nusu saa hivi, na jua likiwa kali punguza zaidi, au anzeni alfajiri kabisa mmalize kabla ya kula.

Wale wa kupiga niru (kulainisha uso wa sakafu kwa sementi), subirini maji yanayopanda juu yaishe kwanza. Wengi wanatupia sementi kavu juu ya yale maji ili yanyonywe haraka wapige mwiko waondoke. Siku ya makabidhiano inapendeza balaa, baada ya miezi inaanza kubanduka vipande vipande na ukifagia kila siku vumbi haliishi.

Haya, limeshika, kesho yake ndo kazi inaanza. Zege halikauki kama nguo, linakomaa kwa sementi kushikana na maji, maji yakiisha mapema ukomavu unaishia hapo hapo. Jamvi au slebu (zege bapa la juu, kama la ghorofa) zungushia kingo za mchanga ujaze maji yatuame, nguzo na linta zifunge magunia uyaloweshe asubuhi na jioni, jua kali hata mara tatu. Siku 7 ndo za chini kabisa, ukiweza 14 bora zaidi, na nguvu inayohesabiwa na mainjinia ni ya siku 28. Mlipe kijana maalum wa kumwagilia, maana fundi akishachukua chake hutamwona mpaka siku ya tofali.

Mbao za pembeni mwa linta zinaweza kutoka baada ya siku moja mbili, lakini mirunda, yaani miti inayoshikilia slebu kwa chini, acha wiki tatu hata kama mwenye mirunda anapiga simu anaitaka.

Na wa pwani, maji ya kisima chenye chumvi na mchanga wa baharini visiguse zege lenye nondo, kutu inavimba inapasua zege kutokea ndani. Nunueni boza la maji yasiyo na chumvi, gharama yake mtaiona ndogo sana siku mkiambiwa mbomoe nguzo.