DUSK kwa sisi tuliozoea kujibanza kwenye kona

Kama umekulia kwenye Free Fire na PUBG hii DUSK, gemu ya kupiga risasi, itakutesa, mimi nilianza na mambo yale yale ya kujibanza ukutani nachungulia narudi, nikafa mle mle chini ya nyumba inapoanzia, wamekuja jamaa watatu wana chensoo na mimi nina miundu miwili tu mkononi 😂 Ni gemu ya 2018, ila imetengenezwa makusudi ifanane na zile za kupiga risasi za enzi za Quake ya 1996, kwa hiyo sheria ni za zamani.

Sheria yenyewe ni moja, usisimame. Risasi nyingi za maadui unaziona kabisa zikija, ni vidude vinaelea hewani, na ukirudi nyuma tu kinyumenyume vinakufuata vinakupata, sasa wewe nenda pembeni, shika A au D kwenye kibodi (kushoto au kulia) huku mausi inabaki kwa adui, unamzunguka kama mtu anafukuza kuku uani. Wakiwa wengi jitahidi mmoja awe katikati yako na mwenzake, risasi ikimpiga mwenzake wanaanza kugombana wao kwa wao, unawaacha kwanza wamalizane.

Ukishazoea hapo ongeza kuruka. Kila ukigusa chini ruka tena bila kuachia, spidi inapanda, kona unakata kwa mausi taratibu sio kwa kuivuta ghafla. Na kuanguka kutoka juu hakuumizi! Nilikaa muda mrefu natafuta ngazi za kushukia, kumbe ni kujirusha tu.

Silaha hakuna kurilodi, kwa hiyo badilisha muda wote. Wa karibu shotigani, na ukipata ya pili unashika zote mbili, raha tupu. Wakijipanga kwenye korido toa ule upinde, mshale unapita huyu unaenda kwa yule. Risasi usizibanie sana, zipo, na ukipiga piga kuta zinazoonekana za ajabu ajabu utakuta vyumba vya siri.

Kabla hujaanza ingia seting uongeze upana wa kuona, ukiacha mdogo kila mtu anakupiga kutoka ubavuni. Duskmare, ile levo ngumu kuliko zote, usiiguse kwanza, bado mapema.

Halafu ukikuta kipande cha sabuni kokote kiokote, mrushie adui, anakufa hapo hapo. Sitanii, sabuni.